Sababu Si Kisingizio

Kila Ijumaa Alton Guillory na mkewe Verlie huuza chakula cha mchana uani kwao. Wanaishi Anse Rouge, mji mdogo wa Louisiana ambako nyumba zikiisha tu, mashamba ya mpunga yanaanza. Meza zao ni mbao zilizolazwa juu ya mapipa. Hakuna anayelalamika. Watu hawaji kutazama meza, wanakuja kula gumbo ya Alton.

Gumbo ya Alton ni mchuzi mzito wa kahawia, wenye kuku na soseji za moshi, unaomwagiwa juu ya wali. Ukiionja mara moja, Ijumaa inayofuata miguu inakuleta yenyewe.

Ijumaa hiyo Mjomba Clovis alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hajawahi kuwa wa pili. Ni mjomba wa Verlie, mzee mwembamba anayekula kama watu watatu, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Alton, bakuli hili lina tundu?" aliuliza. "Mbona limeisha upesi hivi?"

"Tundu liko usoni kwako, Mjomba," Verlie alimjibu. "Sogea, wenzako wana njaa."

Watu walicheka. Alton naye alicheka, upawa mkononi. Ndipo mtu mmoja akaangusha mfuniko wa sufuria kubwa. Ulianguka kwenye saruji kwa kishindo.

Alton aliacha kucheka. Aliweka upawa chini na kushika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akatembea polepole hadi kwenye gari lake, akaingia, akafunga mlango na kujifunika uso kwa taulo lenye maji.

Foleni haikushtuka. Watu wa Anse Rouge walikwisha kuzoea. Verlie aliokota upawa na kuendelea kugawa chakula. Lakini mama mmoja mnene mwenye miwani myekundu aliacha zamu yake na kumfuata Verlie pale kwenye sufuria. Aliitwa Bi Ernestine Papillion. Alikuwa mgeni mjini.

"Mumeo anaumwa nini?" aliuliza.

"Kichwa, Bi Ernestine. Bomu lilipasuka karibu na gari lao, huko Iraki. Tangu siku hiyo kichwa kinamuuma. Na halali. Akilala sana ni kwa saa mbili tu, anaamka, anazunguka nyumba mpaka kunakucha. Kiwanda cha mpunga kilimwachisha kazi kwa sababu hiyo. Kiwanda cha sukari hivyo hivyo."

"Na hospitali ya wanajeshi wa zamani wanasemaje?"

Verlie alicheka, lakini si cheko la furaha. "Hajawahi kwenda. Anasema hawatampokea mpaka cheti chake cha kuachishwa jeshi kirekebishwe. Kiko njiani."

"Kiko njiani tangu lini?"

"Tangu hajanioa. Na binti yetu sasa anavaa viatu vyangu."

Bi Ernestine alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena. Alikuwa sajini jeshini kwa miaka ishirini. Sasa alikuwa ofisa wa wilaya wa kuwasaidia wanajeshi wa zamani. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile gari na kugonga kioo kwa kidole, taratibu.

Alton alishusha kioo nusu.

"Mwanangu, sitapiga kelele," alisema Bi Ernestine. "Niambie tu. Nani alikuambia cheti chako kiko njiani?"

Alton alimtazama kwa jicho moja. "Karani wa kambini. Siku ile niliyosaini kuondoka. Alisema nisiwe na wasiwasi. Alisema hakina heshima sasa hivi, lakini miezi sita ikipita kinajibadilisha chenyewe."

"Chenyewe?"

"Chenyewe, Bi."

"Kitu kinachojibadilisha chenyewe ni maziwa," alisema Bi Ernestine. "Na hayajawahi kubadilika kuwa mazuri. Mwanangu, hakuna cheti kinachojibadilisha. Hakijawahi kuwapo. Uongo huo nimeusikia katika kila kambi niliyofanya kazi, na wanaume wazima wanakaa wanausubiri kama basi. Lazima uombe mwenyewe. Usipoomba, hakiji."

Alton alilikunja lile taulo. Uso ulimwaka kwa aibu. Ukweli ni kwamba miaka mingi alikuwa akishuku hivyo. Lakini kuuliza kungekuwa kuonyesha watu kile cheti, na kile cheti kilisema ameachishwa kwa hali isiyo ya heshima. Bora aonekane mtu anayesubiri kuliko mtu aliyefukuzwa.

"Uliachishwa lini?" aliuliza Bi Ernestine.

Alton alimtajia mwaka na mwezi. Bi Ernestine alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena.

"Jumatatu uje ofisini kwangu," alisema. "Uje na mkeo. Na uje na gumbo, maana nimepoteza zamu yangu kwa ajili yako."

*

Ofisi ya Bi Ernestine ilikuwa chumba kidogo nyuma ya maktaba. Alikula kwanza. Alikula bakuli zima bila kusema neno, akapangusa mdomo, ndipo akaanza kazi.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Lipo Baraza la Mapitio. Kazi yake ni kuvitazama upya vyeti vya watu walioachishwa jeshi. Linaweza kukipandisha cheti chako. Lakini linapokea maombi ndani ya miaka kumi na mitano tangu siku uliyoachishwa. Wewe, Alton, umebakiwa na miezi minne."

Verlie aliguna. "Na ikipita?"

"Ikipita kuna baraza jingine, la kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Mlango haufungwi kabisa. Lakini ule wa kwanza ni mpana zaidi, na hapo unaweza kuomba wakusikilize uso kwa uso. Kwa nini tuzunguke nyuma ilhali mlango wa mbele uko wazi?"

Alton alikuwa akichezea kofia yake. "Na wakinishusha zaidi? Wakisema huyu hata hicho alichonacho hakistahili?"

"Hawawezi. Baraza hilo linapandisha au linaacha kilivyo. Kushusha haliwezi. Ukishindwa, unarudi ulipo sasa, na ulipo sasa unapajua."

"Tutalipa nini?" aliuliza Verlie.

"Mmelipa gumbo. Zaidi ya hapo, hakuna. Kazi yangu ni bure, na maombi ni bure. Kuna hata vyuo vya sheria vinavyowasaidia wanajeshi wa zamani bila malipo. Na nitaiandikia hospitali sasa hivi. Nayo ina utaratibu wake wa kuamua kama itampokea mtu mwenye cheti kama hiki. Unachukua muda, lakini tuanze huko na huku."

Siku hiyo hiyo walituma barua mbili. Moja iliomba kumbukumbu zote za utumishi wa Alton. Nyingine iliomba kumbukumbu zake za matibabu jeshini. Bi Ernestine alisema waanze na kumbukumbu, kwa sababu zinachelewa kuliko vyote.

"Na sasa kazi yako," alimwambia Alton. "Nenda nyumbani. Andika kwa maneno yako mwenyewe nini kilitokea. Cheti kinasema uliondoka kambini bila ruhusa. Eleza kwa nini. Hilo ndilo baraza linataka kujua kuliko kitu kingine."

*

Alton alikuwa na karatasi na kalamu wiki nzima. Verlie alimwona akikaa mezani asubuhi, akikaa mezani jioni. Hakumsumbua. Alidhani mumewe anaandika kitabu.

Walipokwenda tena ofisini, Alton alitoa karatasi moja. Bi Ernestine aliisoma kwa sauti.

"Niliondoka kambini bila ruhusa kwa siku thelathini na nne. Nilikosa. Hakuna kisingizio."

Aligeuza karatasi nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo ukweli, Bi."

"Alton, ningekuja kwako kula gumbo ukanipa maji ya moto na kuniambia ndiyo ukweli, ungenionaje?"

Verlie aliziba mdomo asicheke. Lakini Alton hakucheka. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kidevu juu. Bi Ernestine aliutambua mkao huo. Alikuwa amewafundisha vijana wengi kukaa hivyo.

"Nieleze," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Uliporudi kambini, kapteni wako alikuuliza kwa nini uliondoka?"

"Aliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nilijibu kama tulivyofundishwa. Nilisema, hakuna kisingizio, Bwana."

"Naye akafanya nini?"

"Aliandika, akafunga faili. Nikapewa nichague, mahakama ya kijeshi au nisaini niondoke. Nikasaini."

Bi Ernestine alitikisa kichwa. Alikasirika, ingawa si kwa Alton. "Jibu hilo tunalifundisha kwa sababu askari akichelewa gwaride hatutaki hadithi za viatu vilivyopotea. Ni jibu la gwaride. Si jibu la maisha yako! Kisingizio ni kitu unachokitunga ili ukwepe kosa. Sababu ni kitu kilichotokea kweli. Baraza haliombi kisingizio. Linaomba sababu. Siku hizi limeagizwa liwatazame kwa huruma watu walioumizwa kichwa au akili vitani, kama jeraha hilo ndilo lililowaingiza kwenye kosa. Lakini litajuaje, kama mwenye kichwa hasemi?"

"Nitaonekana nalia lia."

"Kwa nani?"

Verlie ndiye aliyejibu.

"Kwangu," alisema. "Anaogopa nitasikia. Bi Ernestine, mimi mwenyewe sijui kilichotokea. Najua bomu. Najua bibi yake aliyemlea alifariki. Katikati sijui, na sijawahi kuambiwa."

Bi Ernestine aliikunja ile karatasi. Kisha akauliza jambo ambalo hawakulitarajia.

"Gumbo unaianza kupika lini?"

"Alhamisi alasiri," alisema Alton. "Ruu inataka muda."

"Alhamisi nitakuja."

*

Ruu ni unga uliokaangwa kwenye mafuta. Hiyo ndiyo roho ya gumbo. Unaikoroga bila kuacha, kwa moto mdogo, mpaka igeuke kutoka nyeupe hadi rangi ya chokoleti. Inachukua karibu saa nzima. Mpishi haruhusiwi kuondoka. Haruhusiwi kupokea simu. Akigeuza kichwa kidogo inaungua, na ikiungua hata mbwa haili.

Bi Ernestine alilijua hilo, maana hata kwao wanapika. Alichagua wakati ambao Alton hawezi kukimbilia kwenye gari lake.

Aliketi kwenye kiti cha jikoni na kumkabidhi Verlie kalamu. "Wewe andika. Mimi nitauliza. Alton, wewe koroga tu, usinitazame."

Alianza kwa maswali madogo. Bibi yake alikuwa anaitwa nani? Bibi Azélie. Alimlea tangu lini? Tangu mdomo wake haujaota meno. Alikuwa mkali? Alton alicheka na kusema Bibi Azélie angeweza kumpiga mtu kwa kandambili akiwa chumba kingine. Mwiko ulizunguka. Unga ulianza kuwa wa rangi ya mchanga.

"Uliporudi kutoka Iraki, kambini ulilala wapi?"

"Kwenye bweni. Lakini sikulala. Mlango ukifungwa kwa nguvu, naruka. Nilijaribu kulala chini ya kitanda. Wenzangu walicheka. Kichwa kilikuwa kama kina mtu ndani anagonga."

"Ulimwambia nani?"

"Nilikwenda zahanati mara mbili. Walinipa vidonge vya maumivu. Mara ya tatu nilisahau njia ya zahanati." Aliukoroga unga. "Kambi yangu mwenyewe, Bi. Nilisimama njia panda nisijue niende wapi."

Verlie aliandika.

"Kisha?"

"Kisha wakapiga simu kutoka nyumbani kuwa Bibi anakata roho. Niliomba ruhusa. Wakubwa wangu walisema nisubiri Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi. Niliendesha gari kuja huku. Nilimkuta yuko hai. Alinishika mkono. Alifariki Jumamosi. Nilimzika, nikasema kesho narudi. Kila siku nilisema kesho narudi. Lakini nikiwasha gari, naanza kusikia lile bomu. Nilikuwa nalala ndani ya gari, uani kwa Bibi, kwa sababu ndani ya nyumba siwezi. Namsikia Ruiz ananiambia—"

Aliacha kukoroga.

"Ruiz ni nani?" aliuliza Bi Ernestine polepole.

"Alikuwa karibu yangu kwenye gari, siku ile ya bomu. Yeye ndiye aliyenitoa. Mimi nilikuwa nimeshika usukani na gari halikuwa na mbele tena, lakini naendelea kuendesha. Nilikuwa naendesha gari lisilokuwepo."

Kisha harufu ikawafikia. Moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka kwenye sufuria.

"Mungu wangu, ruu!" alipiga kelele Verlie.

Alton aliinyakua sufuria na kutoka nayo mbio. Aliporudi, machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujulikana ni ya moshi au ya nini. Verlie aliweka kalamu chini, akamkumbatia, akamkumbatia sana. "Mjinga wewe," alisema kifuani kwake. "Miaka yote hii nilidhani umenichoka mimi."

Bi Ernestine alijipa kazi ya kufungua madirisha. Alifungua hata yale yaliyokuwa wazi. Mwishowe akakohoa.

"Haya," alisema. "Unga bado upo? Anza nyingine. Hatujamaliza."

Wakaanza nyingine. Safari hii haikuungua.

*

Verlie alimtafuta Ruiz mwenyewe, kwa simu, akipitia watu watano mpaka akampata New Mexico, ambako alikuwa fundi wa visima. Alimweleza anachotaka. Upande wa pili mtu alicheka kwa nguvu.

"Guillory yuko hai?" alisema Ruiz. "Yule mpumbavu aliyekuwa anatupikia wali kwenye kofia ya chuma? Mama, nipe anwani. Leo leo naandika. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu."

Kumbukumbu za jeshi zilifika wiki tatu tu kabla ya muda kwisha. Katika rundo hilo Bi Ernestine alipata ukurasa wa mganga wa kikosi, wa siku ile ya bomu. Ulisema askari amepoteza fahamu, hajui ni mwezi gani, arudishwe kazini baada ya mapumziko. Bi Ernestine aliusoma mara mbili na kulaani kidogo, akaomba radhi kwa Verlie, akalaani tena. Alton hakuwahi kuuona ukurasa huo. Alikuwa hata hakumbuki kama alipimwa.

Walifunga kila kitu pamoja: maombi, kumbukumbu, maneno ya Alton, barua ya Ruiz, na barua ya Padre Melançon iliyosema Alton hupikia wafiwa wote wa mji bila kuombwa. Waliomba pia asikilizwe kwa video. Waliwahi kabla ya miaka kumi na mitano kutimia. Bi Ernestine alibaki na nakala ya kila ukurasa, na kuwaambia wafanye vivyo hivyo.

Kisha wakasubiri. Baraza halina haraka. Mpunga ulivunwa, ukapandwa mwingine. Mjomba Clovis aliuliza kila Ijumaa.

"Baraza limejibu?"

"Bado, Mjomba."

"Basi niongeze soseji, nipate nguvu ya kungoja."

*

Siku ya kusikilizwa ilipofika, Alton alivaa suti aliyofungia ndoa. Haikufunga tumboni. Verlie alisema baraza litamwona kuanzia kifuani tu, asihangaike.

Waliketi ofisini kwa Bi Ernestine mbele ya kompyuta. Kwenye kioo walitokea watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wote wamevaa sare. Walikuwa na adabu. Walisema wamesoma kila kitu. Mmoja wao, kanali mwenye mvi, alisogeza kiti mbele.

"Bwana Guillory, kwa nini uliondoka kambini?"

Verlie aliona jambo likitokea. Mgongo wa Alton ulinyooka. Kidevu kikapanda. Mikono ikarudi magotini. Mwili ulikuwa umesikia sauti ya ofisa, nao ukasahau kila kitu kingine.

"Hakuna ki—" alianza Alton.

Akaishia hapo. Bi Ernestine alifumba macho. Verlie alitaka kumfinya, lakini alijua hawezi kumsemea. Hapo Alton alikuwa peke yake.

Alton aliinua mikono kutoka magotini. Hakuwa na mwiko, basi akashika ukingo wa meza.

"Ipo sababu, Bwana," alisema. "Kosa ni langu, silikatai. Lakini sababu ipo, na sikuisema mara ya kwanza. Naomba niiseme leo."

"Iseme," alisema kanali. "Tuna muda."

Akasema yote. Njia panda aliyopotea. Bibi Azélie. Gari lisilokuwepo. Mara mbili alikwama, na mara zote mbili watu watano wale walimngoja. Mwisho mwanamke mmoja wa baraza alimuuliza nani alimrudisha kambini baada ya siku thelathini na nne.

"Hakuna, Bi. Nilirudi mwenyewe. Nilikuwa nimeapa kutumikia. Sikutaka kiapo kiishie uani kwa Bibi."

Mwanamke yule aliandika kitu. Kanali alimshukuru Alton. Kioo kikawa cheusi.

"Wanasemaje?" aliuliza Verlie.

"Leo hawasemi," alijibu Bi Ernestine. Alikuwa anafuta miwani myekundu kwa nguvu kana kwamba ina matope. "Wataandika. Lakini mimi nasema, na ninasema mtu huyu anunuliwe chakula, na asikipike yeye."

Barua ilikuja wiki kadhaa baadaye. Verlie aliifungua kwa sababu Alton alikataa kuigusa. Baraza lilikubali. Liliona kuwa jeraha la kichwa lilihusika na kosa lile, na kwamba adhabu ilikuwa kubwa kuliko haki. Cheti kilipandishwa. Sasa kilisema ameachishwa kwa hali ya heshima.

Alton aliomba asomewe mstari huo tena. Kisha tena. Mara ya tatu Mjomba Clovis, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi, akauliza kama barua ina mstari mmoja tu.

Mwezi uliofuata Alton aliingia hospitali ya wanajeshi wa zamani kwa mlango wa mbele. Daktari alimpima kichwa kwa mashine, akamuuliza maswali ya siku nzima. Alipewa dawa mpya za kichwa. Alipewa mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki, na kikundi cha watu saba ambao wote, mlango ukifungwa kwa nguvu, huruka. Haikuwa dawa ya siku moja. Kwanza maumivu yalipungua. Kisha saa mbili za usingizi zikawa tatu, zikawa nne. Verlie alikuwa haamini, akimsikiliza kama anapumua.

Ndipo ikaja Jumapili moja, kanisani, joto limezidi, feni zinazunguka. Padre Melançon alikuwa katikati ya mahubiri, na sauti ya Padre Melançon huwa haihitaji kipaza sauti. Kutoka benchi la nne ulisikika mkoromo.

Ulikuwa mkoromo wa kweli, mrefu, usio na haya. Watoto waligeuka. Kwaya iligeuka. Alton Guillory alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la mkewe na mdomo wazi. Feni moja ililia juu yake, hakuamka. Mtoto aliangusha kitabu cha nyimbo sakafuni, pa! Verlie alishtuka. Alton hakuamka.

Mjomba Clovis alinyoosha kidole kumdokoa. Verlie alimpiga mkono.

"Mguse uone," alinong'ona. "Mguse tu."

Padre alikuwa amenyamaza. Alimtazama Verlie kutoka mimbarini. Verlie hakuomba radhi. Alikuwa analia na kutabasamu, na bega lake halikusogea hata kidogo.

"Mwache alale, Padre," alisema. "Tumeungoja usingizi huu miaka kumi na mitano."

Padre Melançon aliliangalia benchi la nne. Kisha akainama karibu na kitabu chake, akayamalizia mahubiri kwa kunong'ona.